Somo: Kuandika onyo la usalama ambalo mtumiaji atalielewa

Juzi nilikuwa steshenari nachapisha barua. Dada mmoja pembeni yangu alikuwa anajaza fomu ya chuo, mara skrini ikajaa onyo kwamba tovuti huenda si salama. Kijana wa pale hakusoma hata neno, akabofya mara mbili, akapita. Nikatupa jicho kwenye kona ya skrini: tarehe ilikuwa Januari 2010. Betri ndogo ya kwenye ubao mama imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika tu saa inarudi nyuma, na kwa saa hiyo cheti cha tovuti, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha kuwa tovuti ndiyo yenyewe, kinaonekana bado hakijaanza kutumika. Mdukuzi hakuwepo. Lakini kijana ameshazoea kupita, na mdukuzi akija kweli atapita vilevile.

Sisi tunaoandika na kutafsiri programu huria tuna mkono katika mazoea hayo. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Tafuta sababu ya kawaida kwanza. Tuchukue OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva (kompyuta ya mbali), kama zoezi. Ufunguo wa seva, yaani namba ndefu inayoitambulisha, ukibadilika, programu inakupigia kelele kwa herufi kubwa kwamba huenda kuna mtu anafanya jambo baya. Kwamba labda ufunguo umebadilishwa tu, hilo linakuja baadaye. Wengi wetu tunakutana na onyo hili baada ya seva kusakinishwa upya, tunafuta ufunguo wa zamani uliohifadhiwa kwenye kompyuta yetu, tunaendelea bila kuuliza. Ningeliandika hivi:

*Seva hii imeleta ufunguo tofauti na ule uliohifadhiwa. Kama imesakinishwa upya hivi karibuni, ndivyo inavyokuwa. Kama huna habari hiyo, usiandike nenosiri. Mpigie anayeisimamia, akusomee alama ya ufunguo mpya.*

Hatari bado ipo pale pale, ila sasa msomaji ana la kufanya.

Hatua ya 2: Vitufe. Hapa ndipo Kiswahili kinapotuumbua. Mwingereza akiulizwa swali la kukanusha hujibu kwa namna yake, sisi kwa yetu. Andika "Hutaki kuendelea?" na vitufe vya Ndiyo na Hapana. Kwetu "Ndiyo" maana yake ndiyo, sitaki. Aliyeandika programu alikusudia kinyume chake, na mtu anafungua faili lenye virusi huku akidhani amelikataa. Ndugu yake ni "Una uhakika unataka kughairi?" yenye vitufe vya Ghairi na Sawa. Nimeitazama hiyo dakika nzima na mimi ndiye niliyeitafsiri.

Dawa yake: kitufe kibebe kitendo chenyewe. "Futa faili", "Liache", "Rudi nyuma". Mtu akisoma vitufe peke yake, bila swali, ajue kitakachotokea.

Hatua ya 3: Angalia ngeli kwenye %s, alama ambayo programu huijaza neno lingine. Ukitafsiri "%s imezuiwa", programu itaingiza chochote hapo: faili, kiungo, tovuti. Unapata "kiungo imezuiwa", na mtumiaji anaanza kushuku kwamba onyo lenyewe ni la matapeli, maana matapeli ndio wanaoandika hivyo. Weka nomino mbele: "Faili %s limezuiwa." Kama hujui kitakachoingia, muulize mwenye msimbo akutenganishie sentensi. Na kwenye idadi usiridhike na umbo moja: "jaribio 1", "majaribio 3".

Hatua ya 4: Msomee mtu asiye fundi. Mara moja tu, kwa sauti, kisha muulize atafanya nini. Akikujibu "nitamwita fundi", andika upya.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Neno "cheti" nikiliweka, mama yangu anafikiria cha kuzaliwa. Niweke nini?*

Marahaba. Usiliweke mbele. Andika "Tovuti hii imeshindwa kuthibitisha kuwa ndiyo yenyewe". Cheti kiende chini, kwenye "Maelezo zaidi", fundi atakikuta huko.

*Kaka, na tangazo la udhaifu wa usalama kwenye maktaba ya msimbo (msimbo ulio tayari ambao programu nyingine huutumia), siyo la kwenye skrini?*

Mstari wa kwanza uwe na namba za matoleo. Kwa xz, programu ya kubana faili iliyopandikizwa mlango wa siri mwaka 2024, ilitosha kusema: matoleo yaliyotiwa sumu ni 5.6.0 na 5.6.1, andika xz --version uone lako. Na weka tarehe juu ya tangazo. Desemba 2021 watu waliambiwa wahamie toleo la 2.15.0 la Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za programu, na kabla mwezi haujaisha tayari lilikuwa 2.17.1. Aliyesoma tangazo la zamani lisilo na tarehe alilala akidhani yuko salama.

*Watu hawasomi maonyo. Si tunajichosha bure?*

Utafiti uliotoka 2013 uliangalia maonyo zaidi ya milioni 25 kwenye vivinjari. Onyo la cheti la Chrome, watu walilipita mara 70 katika kila 100. La Firefox, 33. Si maneno tu yaliyoleta tofauti hiyo, hata idadi ya kubofya haikuwa sawa, ila kama watu wangekuwa hawajali kabisa namba hizo zingelingana. Yule dada wa steshenari angeandikiwa "Saa ya kompyuta hii inasema ni 2010, irekebishe kwanza", nadhani angemwambia kijana arekebishe.