Fizikia kwa wanaoanza: swali kwanza, vifaa baadaye, fomula mwisho

Walimu wenzangu, somo hili ni la anayefundisha fizikia kwa wanaoanza kabisa. Wengi tumezoea kuandika fomula ubaoni, kutoa mifano miwili mitatu, kisha kuwapeleka wanafunzi maabara wakathibitishe kile tulichokwisha kuwaambia. Nawaomba tugeuze mpangilio. Mwanafunzi aulizwe, atabiri, abishane na mwenzake, ndipo ashike vifaa. Fomula ije wakati tayari ana jambo analotaka lielezwe.

Hatua ya 1: Tunga swali la dhana

Swali la dhana halihitaji kukokotoa. Lina majibu ya kuchagua, na yale yasiyo sahihi yawe ni mambo ambayo wanafunzi wanayaamini kweli, si ya kujazia nafasi tu. Mfano:

Mpira umerushwa wima kwenda juu. Unapofika kileleni, mchapuko wake (jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde) ni upi?
(a) Sifuri.
(b) 9.8 m/s² kuelekea chini.
(c) Unaelekea juu, kwa kuwa nguvu ya mkono bado haijaisha.

Mwanafunzi hodari wa kukokotoa anaweza kuchagua (a) bila wasiwasi wowote, maana kichwani mwake kasi na mchapuko ni kitu kimoja. Jibu ni (b): kasi ni sifuri kwa nukta hiyo, lakini uvutano wa dunia haujapumzika. Anayechagua (c) naye msimdharau. Maisha yake yote amesukuma vitu, na akiacha kusukuma vinasimama. Hajakutana na mtu wa kumwonyesha kwamba kinachovisimamisha ni msuguano.

Hatua ya 2: Kura ya kwanza, kimya kimya

Wape dakika moja au mbili, kila mtu peke yake, aandike herufi yake kwenye daftari. Kuandika ni lazima. Asiyeandika hubadilisha mawazo akisikia jibu, kisha hujiaminisha kwamba alijua tangu mwanzo. Halafu hesabu tatu, wote wainue vidole kwa pamoja: kimoja kwa (a), viwili kwa (b), vitatu kwa (c).

Hatua ya 3: Wabishane

Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyeieneza njia hii tangu miaka ya 1990, anatumia kipimo rahisi. Waliopatia wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, swali limewazidi. Rudi ueleze upya. Wakizidi asilimia 70, eleza kwa ufupi uendelee. Walio katikati ya hapo ndio wa kuwaachia wajadiliane: kila mmoja atafute jirani mwenye jibu tofauti na amshawishi. Kisha wapige kura tena. Wewe zunguka usikilize, na usionyeshe jibu hata kwa uso.

Hatua ya 4: Vifaa mkononi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapoharibu. Karatasi ya maelekezo yenye mistari ishirini humfanya mwanafunzi afuate tu bila kufikiri. Mpe swali na vifaa.

Chukua pendulamu, yaani jiwe linaloning'inia kwenye uzi na kubembea. Swali: nyuzi mbili zina urefu sawa, moja ina jiwe zito na nyingine jepesi. Ipi itakwenda na kurudi upesi zaidi? Tarajia wengi waseme zito. Waache wafunge uzi, wapime, waachie jiwe kwenye pembe ndogo, digrii 10 hivi, na watumie saa yenye sekunde. Watakuta muda ni ule ule. Baadaye waulize: tukitaka muda uongezeke mara mbili, uzi uwe na urefu gani? Watakimbilia kusema mara mbili. Wajaribu sentimita 25, wapate karibu sekunde 1 kwa kwenda na kurudi. Wajaribu sentimita 50, waone haijafika 2. Wakifika sentimita 100, ndipo sekunde 2 zinapojitokeza. Mara nne! Hapo wenyewe watauliza kwa nini.

Wafundishe pia kupima mizunguko 10 (kwenda na kurudi mara 10) kisha wagawe kwa 10. Kosa la kidole kwenye saa, tuseme sekunde 0.2, likigawanywa linabaki sekunde 0.02 kwa mzunguko mmoja.

Hatua ya 5: Fomula

Sasa andika T = 2π√(L/g): T ni muda wa kwenda na kurudi, L ni urefu wa uzi, na g ni ule mchapuko wa uvutano, 9.8 m/s². Ile "mara nne" imo ndani ya kipeuo cha pili, na uzito wa jiwe haumo kabisa. Hutahitaji maneno mengi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shikamoo. Darasa langu ni kubwa na nina betri na balbu za kundi moja tu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Fanya jaribio mbele, lakini usiwashe chochote kabla kila mmoja hajaandika utabiri. Unganisha balbu mbili za aina moja kwa mfululizo na uulize ipi itang'aa zaidi. Wengi hudhani ya kwanza "inakula" umeme na kuiachia ya pili mabaki. Zitang'aa sawa, kwa kuwa mkondo ni ule ule kila mahali kwenye njia hiyo moja. Moja ikizidi kidogo, zibadilishane nafasi: mwanga mkali ukihama na balbu, tofauti ni ya balbu, si ya nafasi. Tumia betri kavu ndogo tu, na usiunganishe ncha zake kwa waya mtupu, utapata moto haraka.

Swali: Majadiliano yanakula muda. Mtaala nitaumaliza lini?

Jibu: Si lazima kila kipindi. Chagua dhana zinazobeba nyingine: kani na mwendo, mkondo na volti, joto na halijoto. Richard Hake, mwanafizikia wa Marekani, alichapisha mwaka 1998 ulinganisho wa wanafunzi zaidi ya 6,000 wa fizikia ya mwanzo. Madarasa yaliyowashirikisha wanafunzi yalipata wastani wa asilimia 48 ya maendeleo ambayo yangewezekana kwenye mtihani wa dhana. Ya mihadhara mitupu yalipata 23. Mada uliyoimaliza wewe peke yako ubaoni bado haijamalizwa na darasa.

Swali: Wanafunzi wangu wakitafuta g kwa pendulamu na kukosa 9.8 wanachakachua data. Nawazuiaje?

Jibu: Acha kutoa alama kwa ajili ya 9.8. Toa alama kwa maelezo ya tofauti, maana majibu "mabaya" yana habari ndani yake. Kundi likipata 9.5, angalia kama walipima uzi hadi kwenye fundo. Kitovu cha jiwe kikiwa sentimita 3 chini ya fundo, mita 1 yao kwa kweli ni mita 1.03, na hesabu inashuka hadi hapo hapo. Likipata 12, uliza nani alikuwa anahesabu. Huenda alisema "moja" alipoachia jiwe badala ya "sifuri", kwa hiyo mizunguko 10 yake ilikuwa 9. Waache walitafute kosa wenyewe kabla hujawaambia, kisha warudie kupima.