Kuhakiki Mrija wa Kulishia Kabla ya Kumlisha Mgonjwa

Katika wodi za Nairobi, ambako jamaa huja saa ya kuwatazama wagonjwa na uji mwepesi ndani ya thamosi, muuguzi asiruhusu chochote kipite kwenye mrija wa kulishia, unaopita puani hadi tumboni, kabla ya kuuhakiki, hata kama uji umeanza kupoa. Kwanza, tazama alama ya sentimita iliyo kwenye tundu la pua na uilinganishe na ile iliyoandikwa kwenye faili siku mrija ulipowekwa; ikiwa imesogea, au plasta imelegea, usimlishe. Kisha vuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano, uyadondoshe kwenye karatasi ya kupimia pH (kiwango cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) na usome rangi yake penye mwanga wa kutosha: kipimo cha 5.5 au chini yake huashiria kwamba ncha imo tumboni. Yasipopatikana, mlaze mgonjwa kwa ubavu wa kushoto, ungoje, ujaribu tena. Dawa kama omeprazoli hupunguza asidi, kwa hiyo kipimo kikizidi hapo, eksirei ndiyo itakayoamua. Kupuliza hewa na kusikiliza kwa stethoskopu, desturi ambayo baadhi yetu bado wanaing'ang'ania, hakutoshi, kwa maana sauti hiyo huweza kusikika hata mrija ukiwa mapafuni. Andika kipimo, saa na jina lako kwenye faili ndipo ulishe.