Kabla hujaenda kuchukua mbolea ya ruzuku

Mbolea ya ruzuku imewapa wakulima wa Kenya nafuu kubwa. Mfuko wa kilo 50, ambao bei yake ilikuwa imepita shilingi 6,000, ulishuka hadi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023. Hata hivyo, kila msimu naona watu wakirudi mikono mitupu kutoka bohari ya Bodi ya Nafaka (NCPB), na mara nyingi kosa halikutokea pale dirishani. Lilitokea nyumbani, miezi kadhaa kabla.

Kwa hiyo anza na usajili, tena mapema, mashamba yakiwa bado makavu. Nenda kwa chifu au mzee wa kijiji uhakikishe mambo matatu: nambari ya kitambulisho, ekari, na nambari ya simu. Simu ndiyo inayowaponza wengi, kwa kuwa ujumbe wa kukupa mgao wako huja kwa laini iliyosajiliwa. Mama yangu aliandikishwa kwa laini yangu kwa sababu simu yake ilikuwa imeisha moto siku ile. Ujumbe ukanifikia nikiwa kazini Nairobi, nikaudhania tangazo, nikaufuta. Mvua ikaanza, akapanda kwa samadi kidogo aliyokuwa nayo. Mwezi Juni mahindi yake yalikuwa ya manjano, yakimfika magotini, huku ya jirani yameshatoa mbelewele. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Mzazi asajiliwe kwa laini yake mwenyewe, hata kama simu ni mulika mwizi, na mjukuu awe wa kumsomea ujumbe.

Kwenye ekari, sema kweli. Idadi ya mifuko hufuata ekari ulizoandikisha, kwa hiyo shamba ulilokodi mwaka huu liongezwe, na ulilorudisha kwa mwenyewe liondolewe. Ukizidisha, unamnyima mwenzako.

Jua pia udongo wako unataka nini. Trans Nzoia na Uasin Gishu kuna mashamba yaliyotiwa DAP, mbolea ya kupandia, miaka nenda miaka rudi hadi asidi ikapanda, na hapo kuongeza DAP nyingine hakusaidii sana. Peleka udongo upimwe, KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, wanapima. Ikibidi kutia chokaa ya kupunguza asidi, itaingia shambani wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa hiyo usingoje mawingu.

Malipo ni kwa simu. Ukiwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, lilipe kwanza, la sivyo pesa utakazoweka zitakatwa ukiwa tayari umesimama kwenye foleni. Beba kitambulisho halisi, si picha yake. Usafiri nao upange na majirani: mifuko minne ni kilo 200, na pikapu moja ya kuchangia ni nafuu kuliko bodaboda nne.

Mwaka 2024 mbolea duni iliuzwa ndani ya mpango huu, na serikali ikaahidi kuwafidia waliouziwa. Kwa hiyo hifadhi ujumbe wa malipo, upige mfuko picha pande zote mbili, alama ya KEBS, shirika la viwango, ionekane, na usikubali mfuko ulioshonwa upya. Ukifika nyumbani, fungua mmoja siku hiyo hiyo, umimine konzi moja kiganjani. Ukiona mchanga au vumbi la mawe, usipande. Rudi nao kesho yake asubuhi, pamoja na ule ujumbe.