Kabla ya Kulipia Pikipiki ya Kruza, Ipeleke Kwenye Foleni

Muuzaji wa kruza, yaani pikipiki ya kukaa chini miguu ikiwa mbele, atakuita jioni, upepo wa bahari unavuma, mkaijaribu pikipiki Toure Drive hapa Dar, kusiko na magari. Kataa. Pale hata injini mbovu inapoa. Mwambie mkutane saa saba mchana, mwelekee Ubungo kwa Barabara ya Mandela. Injini ya silinda mbili za V inayopozwa kwa hewa inategemea mwendo. Ikisimama foleni upepo haupo, na silinda ya nyuma, iliyokingwa na mwenzake na kukaa jirani na paja lako, ndiyo inayoumia kwanza.

Mimi hutoka Kimara kwenda mjini na Yamaha Drag Star 400, ambayo ni ya hewa. Honda Steed 400 ina rejeta na feni, na mtu wa foleni kila siku ningempa hiyo. Yangu siiachi kwa sababu gurudumu la nyuma linazungushwa na shafti, si mnyororo kama Steed. Mnyororo na mchanga wa Dar vinataka usafi wa kila mara, na mimi ni mvivu.

Ukifika kwa muuzaji, gusa injini kabla haijawashwa. Ukikuta ya moto, imepashwa ili usione inavyogoma kuwaka, kwa hiyo aga urudi siku nyingine. Moshi wa bluu maana yake inakula oili. Kama ni Steed, iache iungurume imesimama mpaka feni iwake yenyewe. Taa ya joto ikitangulia kuwaka, zima. Injini ikishapoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta: ukiona kutu, huenda ilikuwa ikijazwa maji ya kisima, na visima vingi vya hapa vina chumvi inayotafuna aluminiamu.

Sasa ekzosi, hapa wengi wanapigwa. Vijana wanaikata ipige kelele, karabureta haiguswi, na injini inabaki na hewa nyingi kwa petroli kidogo. Mchanganyiko huo unaunguza. Mwombe fundi atoe plagi zote mbili. Kahawia hafifu ni salama, nyeusi yenye masizi inazidishiwa petroli, nyeupe imekuwa ikichemka muda mrefu. Plagi nyeupe na ekzosi iliyokatwa vikikutana, punguza bei kwelikweli au ondoka. Na fundi awe anayejua kulinganisha karabureta mbili. Wa bodaboda ni hodari kwa Boxer, lakini hii ina mambo yake.

Makaratasi ni mafupi: namba ya chasisi na ya injini zifanane na kadi, angalia deni la faini za trafiki, andikeni mkataba, kisha mkabadilishe umiliki TRA.

Ikishakuwa yako, weka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili zinazofaa klachi ya pikipiki. Oili nyingi za magari madogo zina viambato vya kupunguza msuguano, na klachi inayoogelea ndani ya oili hiyohiyo itaanza kuteleza. Kwa joto letu oili ya uzito wa 20W-50 inafaa injini nyingi za hewa, ila kitabu cha pikipiki ndicho chenye kauli. Trafiki akishika upande wenu muda mrefu, zima. Ukiona frii (gia huru) haipatikani kirahisi, sailensa (muungurumo wa injini bila kuvuta mafuta) inapanda na kushuka, au injini inagonga ukivuta mafuta, tafuta kivuli upumzike. Usiwaruhusu vijana wa kuosha waipige maji ikiwa bado ya moto. Chuma kinaweza kupinda au kupasuka. Tope lililoganda kati ya mapezi ya silinda, yale mabamba membamba ya kupozea, litolewe kwa brashi, maana linaziba njia ya joto.

Vaa jinzi hata kama jua linachoma. Abiria wako apandie kushoto, na dera alikusanye vizuri: ekzosi zote mbili ziko kulia.