Dawa ya ADHD ya mtoto ikibadilishwa: fungua mfuko hapohapo kaunta

Mwanangu ana ADHD, yaani shida ya kutotulia na kukosa umakini, na anatumia dawa iitwayo Concerta ya miligramu 36. Mwezi mmoja, hapa Ohio, Marekani, tunakoishi, alianza kurudi shule analialia, na kufika saa nane mchana dawa imeshamwishia. Nilimfokea wiki nzima kabla sijatazama kopo. Vidonge vilikuwa vya duara, wakati alivyozoea ni virefu kama pipa dogo. Duka la dawa lilikuwa limetupa jeneriki, yaani nakala ya dawa hiyo kutoka kampuni nyingine, na sheria inaliruhusu.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, usiondoke kaunta hujaona kidonge. Concerta ya 36 ni nyeupe, imeandikwa "alza 36", na ncha moja ina kitobo kama cha sindano. Kitobo hicho kina kazi kubwa. Tabaka la nje huyeyuka haraka na kutoa asilimia 22 ya dawa, kisha maji ya tumboni huingia ndani, tabaka la ndani linavimba na kuisukuma dawa iliyobaki itoke kidogo kidogo kupitia kitobo. Ganda tupu hutoka na choo, usishtuke. Na usikikate wala kukisaga.

Jeneriki nyingi ni nzuri, tena nafuu. Ila miligramu zikilingana, namna ya kuitoa dawa inaweza kutofautiana. Mwaka 2014 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliziondolea jeneriki mbili za Concerta alama ya AB (inayoonyesha dawa inalingana na ile ya asili) ikazipa BX, yaani haikuwa na uhakika tena kwamba zinafanya kazi sawa na Concerta.

Ukiona sura mpya, mwulize mfamasia: "Hii ni ya kampuni gani? Ina alama ya AB?" Jina la kampuni lipo kwenye lebo, kwa herufi ndogo, karibu na MFR au MFG. Jibu lisipokuridhisha, usiipokee kwanza. Omba daktari apigiwe. Dawa hizi zinadhibitiwa vikali: kila mara cheti kipya cha daktari, na ukishatoka nayo mlangoni kwa kawaida hairudishwi.

Daktari anaweza kuandika kwenye cheti kwamba isibadilishwe. Bima huenda ikagoma kulipa mpaka aiombee kibali, na hapo atahitaji ushahidi. Mimi nilimpelekea daftari: saa aliyomeza, saa ilipoisha, alikula nini mchana, mwalimu kasema nini. Siku kumi tu zilitosha. Sasa kila nikichukua dawa naandika jina la kampuni kwenye kalenda ya jikoni, kwenye tarehe ileile.