Meza ndogo ya pembeni kwa mbao za mwembe

Kusini mwa Tanzania mvua huja msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha ukame wa kusi. Mbao hunywa unyevu na kuvimba kwenye mvua, hukauka na kusinyaa kiangazi. Ndiyo maana meza iliyoungwa Machi kwa mbao mbichi ikifika Agosti inapasuka uso, na fundi analaumiwa kwa gundi. Gundi haina kosa.

Mninga na mkongo ni mbao bora, lakini bei yake si ya meza ya kujifunzia, na ukinunua dai risiti na uhakikishe mbao zimepita kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Mpingo waachie wachongaji. Kwa meza ni mzito, mgumu na unamaliza makali ya randa. Mwembe unapatikana mitaani, kwani miti mizee hukatwa kila mara, na nyuzi zake zina mawimbi mazuri. Paini nayo inafaa kwa mwanzo, ila usichukue ile ya kijani ya kuezekea. Dawa yake mara nyingi ina shaba na aseniki: vumbi lake si la kuvuta puani, na vipande vyake si vya kuwashia jiko.

Udhaifu wa mwembe ni wadudu na ukungu. Mti ukiangushwa, chana mbao mapema, ondoa gome lote (wadudu hujificha chini yake), paka dawa ya kuua wadudu wa mbao, na ncha zipake rangi ya mafuta ili zisipasuke. Panga mbao kivulini penye upepo, juu ya matofali, na katikati ya kila tabaka weka vijiti vya unene wa inchi 1 kila baada ya sentimita 50. Vijiti vya juu vikae sawa na vya chini, vinginevyo mbao zitapinda kama upinde. Kujua kama zimekauka, chukua kipande kimoja ukipime kwenye mzani wa dukani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi.

Unahitaji ubao mmoja wa inchi 1x6 wa futi 12 na mti mmoja wa inchi 2x2 wa futi 8 au zaidi, wa miguu. Mbao za chenso unene wake hupishana, kwa hiyo piga randa kwanza mpaka ubao ubaki sentimita 2.2 na miguu 4.5 kwa 4.5, ndipo uchore. Kwenye 1x6 kata vipande 3 vya sentimita 47 kwa ajili ya uso, na 4 vya sentimita 32 kwa ajili ya mkanda unaozunguka chini ya uso. Hivi vinne vichane vibaki na upana wa sentimita 10. Vipapi vinavyobaki vitunze. Miguu kata sentimita 54, ingawa itaishia 52. Zile 2 za juu zinalinda mguu usipasuke wakati wa kuchimba tundu, kisha hukatwa.

Maungio ni ya ulimi na tundu. Misumari peke yake haitoshi, na hewa ya bahari huila haraka. Kila ncha ya mkanda toa ulimi wa urefu wa sentimita 2.5, unene wa milimita 10, upana wa sentimita 7.5: umepunguza 1.5 juu na 1 chini. Tundu lichimbwe kwa patasi ya milimita 10, likianzia sentimita 1.5 chini ya mstari wa kukatia mguu, na liwe na kina kinachozidi ulimi kwa milimita 2 ili gundi ipate pa kwenda. Ndimi mbili hukutana ndani ya mguu mmoja. Usipokata ncha zake kwa pembe ya digrii 45, wa pili utagota kabla mkanda haujagusa mguu, na utadhani tundu ni fupi. Ulimi uingie kwa kusukuma na mkono na kugongwa kidogo. Ukihitaji nyundo kubwa, utapasua mguu.

Unga kwanza bila gundi. Kisha tia gundi nyeupe ya mbao, na kama huna klempu funga kamba kuzunguka miguu yote, pitisha kijiti na ukisokote mpaka maungio yafunge. Hapo hapo pima kona kwa kona. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, bana zile kona zenye kipimo kirefu mpaka vilingane. Ukisubiri kesho umechelewa.

Uso, yaani zile mbao 3 za sentimita 47 zinazogundishwa ukingo kwa ukingo, unataka subira zaidi. Weka mbao mbili ukingo kwa ukingo uzitazame kuelekea mwanga: panapopita mwanga, piga randa tena. Kujaza nafasi kwa gundi na unga wa mbao kunaacha madoa meupe ambayo vanishi haiyafichi. Kama mbao za kando zina ukingo wa mti wenyewe, uache ulivyo, upige msasa tu. Ukitaka sura ya kishamba, itokane na ukingo na nyuzi. Meza inayocheza haina sura yoyote. Gundi ikishakauka, kata uso ufike sentimita 45.

Sasa vile vipapi. Kata viwili vya sentimita 25, viwe sentimita 2 kwa 2, uvigandishe kwa gundi na skrubu mbili kila kimoja ndani ya mikanda inayokatisha nyuzi za uso. Kwenye kila kipapi toboa matundu matatu ya kwenda juu, yapishane na skrubu za pembeni: la katikati duara, mawili ya kando yarefushwe kufuata urefu wa kipapi. Ubao huvimba kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno, na matundu hayo ndiyo yanayouachia usogee bila kupasuka. Usitie gundi hapo. Skrubu ziwe za inchi 1¼ zisizoshika kutu. Za inchi 1¾ zitatokeza juu.

Meza ikicheza, isimamishe mahali palipopimwa kwa pimamaji, weka kabari chini ya mguu mfupi, zungusha penseli iliyolazwa juu ya kibao kwenye miguu yote minne, ukate hapo. Nyayo zinyweshe vanishi mpaka zikatae, kwani ndizo zinazonyonya maji ya kudekia, kisha gundisha vipande vya kandambili kuukuu. Mafuta ya ganda la korosho hufukuza mchwa kweli, lakini yanababua ngozi, kwa hiyo yasifike mahali mkono unapogusa.

Msasa namba 80, 120, kisha 180, daima kufuata nyuzi. Vanishi ya kwanza ichanganywe: nne vanishi, moja tapentaini. Paka saa nne asubuhi umande ukishaondoka; ukipaka hewa ikiwa na unyevu inaweza kuwa nyeupe kama maziwa. Koti mbili zaidi zisizochanganywa, msasa mwepesi wa 220 katikati, na usiweke sufuria ya moto juu yake kwa wiki mbili.