Kagua Mtaa Kabla ya Nyumba: Hatua kwa Anayenunua Nairobi

Kazi yangu ni kuwatembeza wanunuzi, na karibu wote huanzia jikoni. Wanafungua makabati, wanagongagonga vigae, wanauliza rangi ilipakwa lini. Hayo yote fundi atayabadilisha wakati wowote. Bomba lisilotoa maji, barabara inayogeuka mto, ploti ya jirani itakayopandishwa ghorofa kumi na tano: hayo hayana fundi. Kwa hiyo anza na mtaa, na maswali yako mpelekee mtu ambaye hapati hata shilingi ukinunua. Ajenti, nami nikiwemo, si mtu huyo.

Hatua ya 1: Safiri kama mkazi

Andika nani nyumbani anakwenda wapi, saa ngapi, kwa usafiri upi. Kisha ifanyeni safari hiyo Jumatatu asubuhi, na tena Ijumaa jioni. Ajenti atakupeleka Syokimau Jumapili saa nne kupitia Expressway, nawe utashangaa kumbe ni karibu hivi. Barabara hiyo iliyofunguliwa 2022 ni ya kulipia: piga hesabu ya kwenda na kurudi mwezi mzima, uiweke kando ya malipo ya mkopo wa benki. Kama huna gari, kuna treni ya abiria, ijaribu. Ukitazama Rongai, panda matatu ya namba 125 alfajiri pamoja na wenyewe. Ukishuka stejini usiku, tembea hadi geti kwa miguu, maana kipande hicho cha mwisho ndicho mke wako au binti yako atakachokipita kila jioni.

Jua pia uko kaunti gani. Matangazo huandika "Nairobi", kumbe Ruaka iko Kiambu, Rongai na Kitengela ziko Kajiado, na Syokimau ni Machakos. Maji, vibali vya ujenzi na ada za ardhi ni vya kaunti hizo.

Hatua ya 2: Maji

Hapa usiwe na haraka. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, nayo hayatoshi, ndiyo maana kampuni ya maji hutoa ratiba ya mgao, kila mtaa na siku zake. Itafute ratiba, lakini karatasi haifungui bomba. Nunua sukuma wiki kwa mama mboga na umuulize: "Mama, maji ya kanjo huku huingia siku gani?" Halafu muulize kerteka, yaani mtunzaji, wa jengo la jirani, si wa hilo unalouziwa. Wakitaja siku tofauti na za ratiba, waamini wao.

Inua macho pia. Matangi yaliyosongamana juu ya kila paa, mikokoteni ya mitungi, lori la maji getini asubuhi, vyote vinakupa jibu. Wakijivunia kisima, omba matokeo ya maabara. Maji mengi ya visima hapa Nairobi yana floridi ya kuzidi, na huharibu meno ya watoto. Mengine yana chumvi hata chai haichangamki. Mwisho, uliza maji taka yanakwenda wapi. Kama hakuna bomba la jiji, lori la kunyonya huja mara ngapi, na nani analilipa?

Hatua ya 3: Nenda mvua ikinyesha

Kati ya Machi na Mei ndipo mtaa hujianika. Sehemu za South C na Nairobi West zinajulikana kwa kujaa maji, na bado zina nyumba nzuri, kwa hiyo uliza barabara kwa barabara. Ukienda kiangazi, tafuta mstari wa matope ukutani, vizingiti vilivyoinuliwa na mifuko ya mchanga iliyosahauliwa pembeni.

Bonde la kijani nyuma ya ua, ambalo ajenti huliita mandhari, huenda ni mto. Kanuni za maji hutenga ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kando ya mto, kutegemea upana wake. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliwaamuru wakazi wa kando ya mito wahame, na Mathare nyumba zikabomolewa.

Hatua ya 4: Historia ya ardhi

Wakili atafanya sachi, yaani kupekua rekodi za umiliki, kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021 ukaanza na Nairobi. Mpimaji atakuonyesha bikoni, zile alama za mipaka. Hayo ni ya lazima, lakini usiishie kwenye hati ya ploti moja. Dai hati mama: shamba hili lilikuwa la nani kabla ya kukatwa? Syokimau, Novemba 2011, watu waliokuwa na karatasi mkononi walibomolewa nyumba kwa kuwa ardhi ilidaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Oktoba 2023 ikawa zamu ya Athi River, kwenye ardhi ya kampuni ya saruji. Ni rahisi kununua kwa sababu majirani wameshajenga. Wingi wa majirani si ushahidi.

Kama umiliki ni wa kukodishwa na serikali, hesabu miaka iliyobaki. Benki itaihesabu.

Hatua ya 5: Ploti tupu na kelele

Kilimani ilikuwa ya nyumba za chini zenye bustani; leo wengi wa waliobaki wamezungukwa na maghorofa, hupata jua la saa sita mchana tu. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti uulize eneo linaruhusiwa ghorofa ngapi. Kisha rudi Jumamosi usiku uisikilize baa, na Jumapili asubuhi usikilize spika za kanisa.

Hatua ya 6: Kodi kwanza

Ukiweza, kodi nyumba mtaa huohuo, hata chumba kimoja, msimu wa mvua upite ukiwa ndani. Muuzaji akikuharakisha kwamba kuna mteja mwingine kesho, mwache amuuzie huyo wa kesho.